Kisanduku Kisichokubali Neno "Sijui"

Naomba nianze kwa kukiri kosa, kwa sababu makala haya yasipoanzia hapo yatakuwa mahubiri, na wasomaji wangu wamekwisha kuhubiriwa vya kutosha. Wakati wa likizo ya chuo, nikiwa nyumbani Rangwi, niliketi mbele ya kompyuta ya kikundi cha wakulima nikaandika tarehe ya kuzaliwa ya mzee mmoja ambaye alikuwa amenieleza waziwazi kwamba haijui. Hakuna aliyenilazimisha. Kisanduku kilikuwa kitupu, mashine ilikataa kitupu, nami nikakijaza.

Kwa wasiopajua, Rangwi ni kata ya wilaya ya Lushoto, upande wa Mlalo, na ukitoka Lushoto mjini unapitia Magamba na Lukozi. Watalii wanaokwenda Mtae kwa miguu hupajua kwa sababu hulala pale kwa masista. Sisi tuliozaliwa huko tunapajua kwa ukungu wa asubuhi, kwa viazi, kabichi, karoti na maharage, na kwa malori yanayoondoka na jasho letu kwenda Dar es Salaam. Kikundi ninachokizungumzia kina wanachama zaidi ya mia tatu. Mradi mmoja, ambao sitautaja kwa kuwa ninayoyasema yangeweza kusemwa juu ya miradi ishirini, uliahidi kuwarudishia wakulima sehemu ya gharama ya mbegu bora za viazi, na fedha zingetumwa moja kwa moja katika simu ya kila mmoja. Sharti lilikuwa moja tu: orodha ya wanachama iletwe katika faili lenye muundo uliokwisha kuwekwa.

Katibu wa kikundi, kijana mwepesi wa kufikiri aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa amelituma faili hilo mara nne, na mara zote nne lilirudishwa. Alinifuata nyumbani jioni.

"Shikamoo, mwalimu. Hii mashine inanionea. Inasema mstari wa 17, safu ya sita, thamani si halali. Basi iseme halali ni ipi!"

Nilimwambia kwamba halali ni ipi imeandikwa mahali fulani, ila yeye hakupewa. Tulipoiomba, ikaletwa: kurasa tatu zenye kile ambacho wataalamu wa kompyuta hukiita skima. Skima ni maelezo yanayosema faili linapaswa kuwa na safu zipi, kila safu ipokee kitu cha namna gani, ipi ni ya lazima na ipi si ya lazima. Jina liwe herufi. Simu iwe tarakimu kumi. Tarehe iandikwe hivi na si vile. Kisha programu hulichukua faili, ikalilinganisha na maelezo hayo mstari kwa mstari, na kila inapokuta kisichofanana inakataa. Haijui mtu wala shamba. Inajua umbo.

Sitaki nieleweke kwamba ninaichukia kazi hiyo. Aliyewahi kupokea majedwali kutoka kata kumi, kila moja limejazwa kwa akili ya mwandishi wake, ataishukuru skima kama anavyomshukuru fundi aliyempa rula. Tarehe 3/4/1987 ni ya Aprili au ya Machi? Kwetu ni Aprili, Marekani ni Machi, na faili halina mdomo wa kusema lilizaliwa wapi. Ndiyo maana tangu mwaka 1988 kuna kiwango cha kimataifa, ISO 8601, kinachotaka mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku, ili asikosee mtu. Hata lugha yetu imefaidika na nidhamu hii. Kishambaa kina alama yake ya herufi tatu, ksb, na katika hazina ya data za lugha ambayo kompyuta na simu nyingi duniani huitumia lipo faili la Kishambaa, lenye majina ya miezi na siku, na hata maneno "makeo" na "nyiaghuo" kwa nusu mbili za siku. Maneno hayo yamepata kukaa humo kwa sababu kulikuwa na nafasi zilizopangwa, na mtu aliyejua lugha akakaa akazijaza. Nafasi iliyopangwa vizuri ni heshima.

Kwa hiyo jioni ya kwanza tulifanya kazi kwa furaha. Makosa mengi yalikuwa ya kweli, na mashine ilistahili kuyakataa. Simu za wanachama zilikuwa zimepoteza sifuri ya mwanzo, maana programu ya lahajedwali, ile ambayo watu huiita Excel hata kama si Excel, ikiona 0 mbele ya namba inadhani ni uchafu na inaifuta. Tukazirudisha sifuri. Jinsia ilikuwa imeandikwa "KE", "ke", "Mke" na, kwa mama mmoja, "Mjane". Tukazisawazisha, ingawa huyo mjane alinifanya nicheke kisha nikanyamaza: mwandishi aliulizwa jambo moja akajibu lililo kubwa zaidi.

Safu ya shamba tuliipita haraka, na najua hatukupaswa. Skima ilitaka shamba moja kwa kila mkulima na ukubwa wake kwa ekari. Nani kwetu ana shamba moja? Mtu ana kipande bondeni kwenye maji, kingine mteremkoni, cha migomba nyumbani, na pengine kingine alichoazimwa na mjomba. Katibu alikuwa ameandika kile kikubwa. Nikamwacha.

Kilichonitoa jasho ni namba ya kitambulisho cha Taifa. Kila anayeishika kadi ya NIDA anajua kwamba namba yake ina tarakimu 20, na kwamba nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Katibu alizinakili zote bila vistari, kwa uaminifu mkubwa, kutoka kwenye vivuli vya kadi. Lakini lahajedwali ikipewa tarakimu 20 mfululizo haioni utambulisho wa mtu. Inaona kiasi, kana kwamba ni shilingi, na kiasi kikubwa namna hiyo hukiandika kwa ufupisho wa kisayansi unaoishia na E+19. Skima ikaukataa ufupisho huo, kwa haki. Katibu naye, akiwa amefundishwa na rafiki yake wa Lushoto, akabadili mpangilio wa safu ili namba zionekane kwa ukamilifu. Zikaonekana. Tarakimu 20 kamili kila mstari, na mashine ikazikubali zote.

Nilikuwa karibu kumpongeza nilipoona kwamba kila namba ilikuwa inaishia na sifuri tano.

Programu hizo huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote, na zinazozidi huzigeuza sifuri bila kukuambia. Tarakimu tano za mwisho za watu zaidi ya mia tatu zilikuwa zimefutika, na mahali pake pamewekwa kitu chenye umbo sahihi. Wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa mahali pamoja wangeweza kugeuka mtu mmoja. Naomba msomaji atue hapa kidogo. Faili lililokuwa na namba za kweli zilizoandikwa kwa sura mbaya lilikataliwa. Lililokuwa na namba za uongo zenye sura nzuri likapita. Tulitumia jioni mbili kuziandika upya namba zote kutoka kwenye vivuli, safu ikiwa imekwisha kuambiwa kwamba hizi ni maandishi na si kiasi. Nawasihi makatibu wa vijiji na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo mnaosoma hapa: fanyeni hivyo kabla ya kuandika namba ya kwanza, si baada ya ya mwisho.

Kulikuwa pia na safu ya muda wa mkutano wa uandikishaji, na hapo ndipo nilipocheka hasa. Skima ilitaka saa kwa mtindo wa saa 24. Katibu aliandika 03:00, kwa kuwa watu walikutana saa tatu asubuhi. Umbo lake halina kasoro, na mashine ikaafiki kwamba wakulima wa Rangwi, katika baridi ile, hukutana saa tisa za usiku. Kama kuna mchambuzi mjini atakayeandika ripoti kuhusu tabia zetu kwa kutegemea mafaili ya namna hii, ninamwonea huruma mapema.

Ikabaki tarehe ya kuzaliwa. Safu ya lazima, mwaka, mwezi na siku, bila nafasi tupu. Katika orodha ile wazee wapatao kumi hawakuwa na tarehe. Tulikwenda kuwauliza mmoja mmoja, na huyu ninayemsimulia tulimkuta bondeni anapalilia kabichi. Nilimwamkia, nikamweleza shida yetu. Akaegemea jembe.

"Mwaka siujui, mwanangu. Mwezi ndiyo kabisa. Ninachojua, Uhuru ulipokuja nilikuwa nachunga mbuzi wa baba."

Nikafanya hesabu ya msomi. Uhuru ni Desemba 1961. Mtoto wa kuchunga mbuzi ana miaka tisa hivi. Basi ni 1952. Siku na mwezi nikachukua katikati ya mwaka, tarehe 1 Julai, ili kosa lisiegemee upande mmoja. Nilijiona nimetumia njia ya kitaalamu. Jioni nikaandika 1952-07-01 mashine ikakubali, nikaendelea na wazee wengine kwa hesabu zilezile za nzige, njaa na ndoa za dada zao. Faili likapita lote. Katibu alishangilia kana kwamba tumefunga goli.

Wanatakwimu wanaijua dhambi hii kwa jina lingine. Katika sensa nyingi, za kwetu na za wengine, watu wenye umri unaoishia na sifuri au tano hujitokeza kuwa wengi kupita kiasi, kwa sababu mtu asiyejua umri wake, au karani aliyechoka kumsubiri, hukimbilia namba ya mviringo. Wanatakwimu wana vipimo vya kupima upotofu huo na njia za kuusawazisha, na nchi inapohesabiwa kwa mamilioni, kama ile milioni 61.7 tuliyohesabiwa Agosti 2022, makisio ya mtu mmoja hayabomoi kitu. Lakini faili letu halikuwa sensa. Lilikuwa orodha ya malipo, na katika orodha ya malipo kila mstari ni mtu anayesubiri.

Wasomaji wa historia watakumbuka kwamba milima hii imewahi kuhesabiwa kwa kadi kabla ya kompyuta. Mwaka 1907, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, utawala wa Wajerumani ulianzisha Usambara Magharibi utaratibu wa kadi za kazi. Mwanamume alitakiwa kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne, kadi ikiwa ndiyo ushahidi, na ambaye kadi yake haikutimia aliweza kuchukuliwa kwa nguvu kwenda kazi za serikali. Kadi ilihesabu siku za mlowezi. Siku ambazo mtu alilima shamba lake ili wanawe wale hazikuwa na mahali pa kuandikwa, na kwa macho ya ofisa kisicho na mahali pa kuandikwa ni uvivu. Simfananishi ofisa yule na vijana wa mradi wanaotaka kutulipa mbegu. Ninasema tu kwamba swali la nani anapanga visanduku si geni Usambara, na babu zetu walilijibu kwa miguu yao.

Na kwa wale watumishi wa umma wanaodhani ukaguzi wa umbo unatosha, wakumbuke mwaka 2016. Wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 waliondolewa katika orodha za mishahara ya serikali. Hebu tuutazame mstari wa mfanyakazi hewa kama mashine inavyoutazama: jina lipo, namba ya ajira ipo, tarehe ya kuzaliwa ipo kamili, akaunti ya benki ipo na inafanya kazi vizuri mno. Hana kosa hata moja. Hakuna mtumishi mwenye mafaili safi kama yule asiyekuwapo, kwa sababu yeye ametungwa akikifuata kielelezo, wakati mtu halisi amezaliwa kwanza ndipo kielelezo kikamkuta. Walipatikana kwa watu kuhesabiwa ana kwa ana vituoni. Skima haikuwakamata, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Baada ya wiki kadhaa nikiwa nimerudi chuoni, katibu alinipigia simu. Fedha zilikuwa zimeingia kwa wanachama, isipokuwa wazee wachache. Malipo yao yalikwama kwa sababu "taarifa hazifanani". Siku hizi laini ya simu imefungwa na kitambulisho: usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na mwisho wake ukawa tarehe 20 Januari 2020 baada ya Rais Magufuli kuwaongezea watu muda. Kwa hiyo mlipaji alichukua tarehe iliyokuwa katika faili letu akailinganisha na tarehe iliyo katika usajili wa mwenye laini. Kwa mzee wangu, usajili ulisema 1949. Faili lilisema 1952. Mfumo ukahitimisha kwamba anayeomba fedha si yule mwenye simu, yaani, kwa lugha ya kawaida, ni tapeli.

Nilifungua kompyuta yangu nikalitazama faili upya, na hapo ndipo aibu iliponishika sawasawa. Katika mstari uleule, safu mbili upande wa kulia, ilikuwapo namba ya kitambulisho chake, ambayo mimi mwenyewe niliiandika upya kwa mkono. Tarakimu nane za mwanzo zilianza na 1949. Safu moja ilikuwa inaikanusha nyingine, na hakuna aliyeona: mashine kwa sababu skima yake ilikagua kila safu peke yake, nami kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwa kama mashine. Kanuni moja fupi, kwamba tarakimu nane za mwanzo za kitambulisho zilingane na tarehe ya kuzaliwa, ingetosha kuonya. Kuiandika kunachukua dakika tano.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba 1949 ndiyo kweli. Mzee hakuijua tarehe yake alipokuwa na mimi, na hakuijua alipokuwa mbele ya ofisa wa uandikishaji miaka kadhaa nyuma. Huyo naye alikuwa na kisanduku cha kujaza na foleni ndefu mlangoni. Pengine aliuliza habari za mbuzi, pengine aliutazama tu uso. Kwa hiyo kilichogongana hapo ni makisio mawili ya watu wawili waliosoma, na aliyeumia ni mtu pekee katika kisa hiki ambaye hakukisia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema tatizo la vijijini ni watu kutokuwa na kumbukumbu. Mzee alikuwa na kumbukumbu. Alitoa taarifa sahihi kabisa kwa kiwango cha usahihi alichokuwa nacho: mtoto wa kuchunga mbuzi, Uhuru. Sisi ndio tuliokuwa na chombo kisichoweza kuipokea. Kisanduku kilikuwa na njia mbili tu, tarehe kamili au kukataliwa, na mtu anayeshurutishwa kuchagua kati ya kukataliwa na kudanganya atadanganya, hasa akiwa anadanganya kwa niaba ya mwingine na kwa nia njema. Kisha mfumo huohuo uliomlazimisha unarudi kumwadhibu kwa uongo wake. Wanafunzi wangu wa sayansi ya siasa wanapouliza mamlaka hukaa wapi siku hizi, mara nyingi ninawataja bunge, jeshi, chama. Nimeanza kuongeza: na katika neno "lazima" lililo mbele ya jina la safu.

Wala teknolojia isisingiziwe. Kile kiwango cha ISO 8601 kinaruhusu kuandika mwaka peke yake, 1952, pasipo mwezi wala siku. Lugha ya skima za XML iliyopitishwa mwaka 2001 ina aina maalumu ya thamani kwa ajili ya mwaka tu, na nyingine kwa mwaka na mwezi. Na tangu mwaka 2019 sehemu ya pili ya kiwango hicho ina alama za mashaka: 1952~ maana yake ni takribani, na 1952? maana yake ni kwamba hatuna hakika. Watu wa viwango, ambao tunawadhania kuwa na roho za chuma, walikaa vikaoni wakakubaliana namna ya kuandika "nadhani". Aliyeandika skima yetu angeweza kuitumia. Angeweza pia kuweka safu ndogo pembeni yenye majibu matatu: tarehe imethibitishwa kwa cheti, mwaka tu unajulikana, imekadiriwa. Hakuiweka, sidhani kwa ubaya. Alikuwa mjini, ana cheti chake cha kuzaliwa ndani ya bahasha, na hakuwahi kukutana na mtu asiye nacho.

Sheria nayo haiko upande wa kisanduku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu ahakikishe ni sahihi, na inampa mwenye taarifa haki ya kuomba zirekebishwe. Nimeisoma nikiwa na mzee wangu akilini. Aombe irekebishwe kuwa nini? Iwapo ukweli wake ni "sijui", na mfumo hauna pa kuliandika neno hilo, haki yake ya usahihi inatekelezwaje? Nawaachia swali hilo wanasheria wanaosoma hapa, na ningefurahi likijibiwa na mtu anayeandika kanuni kuliko anayezifafanua.

Niliporudi Rangwi nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta barazani, jioni, ukungu umeshafika kwenye migomba. Nilimweleza yote: tarehe niliyoiandika, ile ya kitambulisho, sababu ya fedha kutokufika. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, bila ukali:

"Mwanangu, mimi nilikwambia sijui. Aliyesema anajua ni wewe."

Tulikuwa tumeujaribu mradi kwa njia ya unyoofu. Tuliongeza katika faili safu inayosema tarehe zipi zimekadiriwa, tukaituma. Jibu lilirudi baada ya dakika moja: safu isiyotambulika, faili limekataliwa. Tulipowapigia simu, dada mmoja mwenye adabu alituambia tuondoe hiyo safu na tuandike tarehe ya kwenye kitambulisho kwa kila mzee, basi yatakwisha. Yalikwisha. Tuliandika 1949, mashine ikaridhika kwa mara ya pili kama ilivyoridhika na 1952, na mzee akalipwa, mbegu za msimu ule zikiwa zimekwisha kupandwa bila yeye.

Ile safu iliyokataliwa katibu hakuitupa. Amenunua daftari la kaunta, akalipigia mistari kwa rula, na anaandika humo kwa kalamu yale ambayo faili halikubali: vipande vyote vya mashamba, majina mtu anayoitwa nyumbani na yale ya kwenye kadi, saa kama tunavyozihesabu. Safu ya mwisho ameipa kichwa "Alivyosema mwenyewe". Nililifungua kwenye jina la mzee. Ameandika: Hajui. Uhuru ulipokuja alikuwa anachunga mbuzi wa baba yake.